Chenga, Jasho na Balbu ya Wati 60

Baa za Kigoma za mwishoni mwa miaka ya 1990 zilikuwa na taa mbili za maana: moja juu ya kaunta, ambako pesa zinahesabiwa, na nyingine juu ya bendi. Kwingine kote giza, na wateja walilitaka hivyo hivyo. Mimi nilikuwa najifunza kazi kwenye studio ya mzee mmoja karibu na Barabara ya Lumumba, na usiku nilitumwa kuzungukia kumbi, kuanzia Mwanga hadi Ujiji, kutafuta wateja wa picha. Kamera ya flashi ilikuwa ya kazi. Lakini kwenye mkoba nilibeba na ya pili, Zenit E ya Kirusi yenye lenzi ya Helios 58mm, ndani yake mkanda wa nyeusi na nyeupe. Hiyo ilikuwa ya kwangu, na shughuli yake ilikuwa moja: wanamuziki, bila flashi.

Nieleze kwanza kwa nini bila flashi, maana kuna watu hudhani ni maringo. Flashi iliyokaa juu ya kamera inamulika kila kitu sawasawa. Mpiga gitaa unampata, lakini unampata pamoja na waya za spika, ndoo ya kudekia iliyosahauliwa nyuma ya ngoma, na kalenda ya mwaka juzi ukutani. Kile kilichokufanya uinue kamera, yaani uso mmoja ndani ya giza huku vidole vikikimbia, umekifuta kwa taa yako mwenyewe. Halafu kuna adabu. Mtu yuko katikati ya solo, amefumba macho, wewe unamlipua usoni kutoka mita mbili. Mpiga besi mmoja mtu mzima, aliyewahi kupigia bendi za Bujumbura enzi zake, aliniita wakati wa mapumziko akaniambia, "Mwanangu, hiyo taa yako inanipotezea nyuzi." Sikumwonyesha tena flashi.

Sisemi flashi ni dhambi. Ndiyo iliyotulisha. Jean Depara alipiga maisha ya usiku ya Kinshasa miaka ya 1950 na 1960 kwa flashi, Malick Sidibé akafanya vivyo hivyo kwenye dansi za vijana wa Bamako, na picha zao mpaka leo zinachezesha. Ila ukiwaangalia vizuri, wale walikuwa wanawapiga watu waliotoka nyumbani ili waonekane: suti mpya, viatu, mkao. Flashi iliwapa walichokitaka. Mwanamuziki aliyezama kwenye wimbo hana habari na kamera, na ukimmulika unamkumbusha. Upande wa pili yupo Roy DeCarava wa Harlem, New York, aliyewapiga wanamuziki wa jazz kwa mwanga uliokuwapo tu, akachapa picha nyeusi kiasi kwamba inabidi macho yazoee kwanza ndipo umwone mtu. Kazi zake nilizikuta miaka mingi baadaye kwenye intaneti, nikafurahi kama mtu aliyekutana na ndugu wa mbali.

Mkanda uliokuwa unapatikana madukani kwetu ulikuwa wa rangi, ASA 100 au 200 (ASA ni namba ya kasi, yaani wepesi wa mkanda kudaka mwanga), mzuri kwa harusi ya saa kumi jioni. Usiku haukusaidii kitu. Niliokuwa nautafuta mimi ni Ilford HP5 Plus wa ASA 400, ambao ulibidi uagizwe Dar es Salaam na kuletwa na mtu anayekuja kwa treni, zaidi ya kilomita 1,200 za reli, siku mbili kama safari ni njema. Namba ikiongezeka mara mbili, mkanda unahitaji nusu ya mwanga: 400, 800, 1600, 3200. Siri iko kwenye fuwele za chumvi ya fedha zilizotandazwa juu ya mkanda. Mkanda wa kasi una fuwele kubwa zaidi, kwa sababu beseni pana hukinga matone mengi kuliko kikombe. Ukishausafisha, fuwele zilizopata mwanga zinageuka punje nyeusi za fedha, na zikiwa kubwa, zikajikusanya, jicho linaziona. Hizo ndizo chenga.

Mara chache niliangukia mikanda ya 3200 yenyewe. Wageni waliokuwa wanapita Kigoma kwenda Gombe kuona sokwe walisafiri na mikanda ya kila aina, na wengine wakimaliza shughuli waliona heri waache iliyobaki kuliko kurudi nayo. Ndivyo nilivyokutana na Kodak T-MAX P3200, uliotoka mwaka 1988, na baadaye Ilford Delta 3200 wa mwaka 1998. Jambo ambalo boksi halilisemi kwa sauti ni kwamba kasi halisi ya mikanda hiyo iko karibu na 1000. Ile 3200 ni ahadi inayotimizwa kwenye dawa ya kusafishia: unaupiga kana kwamba una kasi hiyo, kisha unausafisha kwa muda mrefu zaidi. Mkanda huo pia hautunziki. Joto unaliogopa, mashine za ukaguzi za viwanja vya ndege unaziogopa, na ukikaa sana unaingia ukungu hata kama haujafunguliwa. Kwa hiyo wa zawadi nilikuwa naupiga haraka, na kwa kazi ya kila wiki nilitegemea HP5, ambao nao unakubali kupigwa kama 1600 kwa mtindo huo huo.

Watu husema hapo umeongeza kasi ya mkanda. Hujaongeza. Sehemu ambayo haikuguswa na mwanga haina kitu, na kuiacha kwenye dawa dakika 20 hakutaipa ilichokosa. Kinachokua ni zile sehemu zilizokwisha kupata mwanga: paji la uso linazidi kung'aa, kivuli kinabaki kitupu, na tofauti kati yao inakuwa kali. Ndiyo maana nasema kupiga picha gizani ni kuchagua hasara. Ukifungua tundu la lenzi mpaka mwisho, unapoteza kina, yaani ile sehemu ya mbele na nyuma inayotoka safi. Ukipunguza kasi ya shata, lile pazia linaloruhusu mwanga kuufikia mkanda, unapoteza mikono, maana inatikisika. Ukiusukuma mkanda, yaani kuupiga kama wa kasi kubwa na kuusafisha kwa muda mrefu, unapoteza vivuli na unapokea chenga. Chini ya balbu moja huwezi kubaki na vyote. Mimi niliamua mapema: vivuli viende, chenga zije, mikono ya mpiga ngoma itikisike ikitaka, lakini uso utulie.

Sasa hiyo balbu. Zenit E ina kipima mwanga cha seleni kisichohitaji betri, kizuri juani, lakini ndani ya baa ni kipofu, mshale haunyanyuki. Ikabidi niwe na hesabu kichwani. Balbu ya wati 60, uso mita mbili kutoka kwenye balbu, mkanda umehesabiwa 1600, tundu f/2, yaani lenzi imefunguliwa mpaka mwisho: shata 1/30 ya sekunde. Ni pa kuanzia tu. Ukuta mweupe ulio karibu unakuongezea, paa la makuti linakunyang'anya. Kilichonifungua macho zaidi ni umbali. Mwanga hupungua kwa mraba wa umbali, kwa hiyo mwimbaji anayesogea kutoka mita mbili hadi mita moja anapata mwanga mara nne. Hizo ni stopu mbili nzima, kwa kuwa kila stopu ni mwanga kuongezeka mara mbili. Ile 1/30 imekuwa 1/125. Akirudi nyuma hadi mita nne, amebakiwa na robo, na Zenit yangu chini ya 1/30 haikuwa na kitu ila B, ambapo shata linabaki wazi muda wote uliobonyeza. Hapo unashusha kamera unakunywa soda yako.

Kwa sababu hiyo nilijizoeza kufika ukumbini kabla ya bendi, wakati vijana wanafunga spika, nikaangalia taa badala ya watu. Balbu iko wapi, imefunikwa au iko wazi, ukuta wa nyuma una rangi gani, maikrofoni imesimama upande gani wa taa. Mara nyingine nilimwomba kijana wa kaunta ateremshe waya wa balbu nusu mita. Soda moja ilitosha. Wacheza dansi hawakugundua kitu, na mimi nilikuwa nimeshapata karibu stopu nzima bila kugusa kamera. Tyubu laiti, kwa upande wake, niliikimbia kadiri nilivyoweza. Kwenye umeme wetu inapepesa mara 100 kwa sekunde, na ukiipiga kwa 1/125 kwa kamera ambayo pazia lake linakimbia kutoka ubavu hadi ubavu, picha inatoka na michirizi ya mwanga na giza. Ukilazimika, rudi kwenye 1/30.

Kuna kitu kingine sikukisoma kwenye karatasi ya maelekezo ya mkanda wowote: jasho.

Bendi inaanza saa tatu usiku. Nyuso zimekauka, shati zimenyooka, na ngozi nyeusi kavu chini ya balbu moja inameza mwanga. Picha inatoka bapa, ya kijivu, kama ya kitambulisho. Ikifika saa sita watu wameloa. Ngozi yenye jasho inaurudisha mwanga wa balbu moja kwa moja kwenye lenzi: mstari juu ya pua, ukingo wa shavu, mfupa wa juu ya jicho, mshipa wa shingo. Sehemu hizo mkanda unazidaka hata pale ambapo uso uliobaki uko chini kabisa ya uwezo wake. Nina negativu moja ya mpiga gitaa la solo aliyekuja kutoka Kalemie, ng'ambo ya ziwa. Uso wake karibu wote ni giza. Kinachoonekana ni nyusi moja, mteremko wa pua, mdomo wa chini uliobanwa na meno, na tone limening'inia kidevuni halijadondoka. Chini yake, mkono wa kushoto: kucha nne zimewaka, dole gumba halipo. Kila aliyepata kumwona akipiga anamtaja jina kabla sijafungua mdomo.

Tangu nilipolijua hilo nilikuwa na sheria ya kutumia fremu chache kabla ya saa tano na kuacha sehemu kubwa ya mkanda wa picha 36 kwa ajili ya saa za mwisho. Ni sheria ngumu kwa kijana, kwa sababu saa tatu una hamu, na saa saba una usingizi.

Halafu kuna kuusoma wimbo. Kwa 1/30 huwezi kumdaka mtu anayeruka, kwa hiyo swali ni moja: anatulia lini? Muziki wenyewe unakuambia. Bendi zetu zilikuwa zinapiga dansi la Kitanzania na la Kikongo kwa pamoja, hasa baada ya vita vya ng'ambo kuanza mwaka 1996 na watu wengi kuvuka ziwa, wapiga magitaa wazuri wakiwamo. Wimbo wa namna hiyo una sehemu mbili. Kwanza ubeti wa polepole, ambapo mwimbaji amesimama kwenye maikrofoni. Mwisho wa mstari anavuta pumzi, anajitenga na maikrofoni kiasi cha kiganja, na kwa nukta hiyo kichwa kimetulia na mdomo umeachana na chuma. Hiyo ndiyo fremu. Ukibonyeza akiwa anaimba unapata maikrofoni yenye masikio. Kisha linaingia sebene, ukumbi mzima unasimama, waimbaji wanageuka wachezaji, na wapiga picha wenzangu walikuwa wanawakimbilia hao. Mimi nilikuwa nageukia gitaa. Sebene likishika moto mpiga solo ndiye mtu pekee aliyesimama kimya ukumbini; shingo imeinama, macho yako kwenye nyuzi, vidole tu ndivyo vinavyokwenda. 1/30 inamtosha kabisa, na vidole vikitoka kama moshi, ndivyo vilivyokuwa.

Mpiga rithimu anayumba, lakini kila anayeyumba ana mahali pa kugeukia, na pale pa kugeukia amesimama kwa kitambo kidogo. Unahesabu naye mara tatu nne, unabonyeza anapofika ukingoni. Mpiga saksafoni unamngoja kwenye noti ndefu, mashavu yakiwa yamejaa. Mpiga ngoma alinisumbua kuliko wote mpaka nilipoacha kumkabili kwa mbele nikakaa ubavuni, karibu na matoazi yake ya mguu. Ukimwona kutoka pale, kichwa chake kinatulia ajabu. Mikono imekuwa mawingu mawili, na uso katikati umetulia unasikiliza wengine. Nadhani picha zangu bora zote ni za watu wanaosikiliza, si za wanaopiga. Hilo nililitambua baadaye, nilipozitandaza mezani.

Kulenga nako kuna ujanja wake. Kioo cha Zenit ni cheusi hata mchana, na lenzi ya 58mm ikiwa wazi kwa f/2, mita mbili kutoka kwa mtu, kina kinachotoka safi ni kama sentimita 14. Jicho likiwa safi, sikio limeanza kuondoka, na kichwa cha gitaa kimekwenda zake. Kumlenga mtu gizani kwa kuangalia ngozi ni kupoteza muda. Nilikuwa nalenga chuma: wavu wa maikrofoni, vifungo vya kukazia nyuzi, ukingo wa tarumbeta. Chuma kina kidoa cha mwanga, na kidoa kikiwa kidogo kuliko vyote, umefika. Maikrofoni ni alama nzuri zaidi kwa sababu mwimbaji anairudia mwenyewe; lenga pale mara moja, usiiguse lenzi tena, na kama atavuta kichwa nyuma, na wewe sogea mbele kwa kiasi hicho hicho. Helios yangu tundu lake unalipanga kwa mkono kwa pete mbili. Usiku nilikuwa naiacha f/2 na kusahau kwamba ina namba nyingine. Bega kwenye nguzo, viwiko kwenye mbavu, pumzi imetoka nusu.

Umeme wa Kigoma miaka ile ulitoka kwenye majenereta ya dizeli, mkoa ukiwa bado haujaunganishwa na gridi ya taifa, na mpiga picha alikuwa wa kwanza kujua hali ya jenereta. Balbu ya waya ina tabia mbaya: volteji ikishuka kwa asilimia 10, mwanga unashuka kwa karibu asilimia 30. Friji la baa likianza kunguruma, balbu inajikunja kidogo na kuwa nyekundu. Mcheza dansi hana habari, mimi nimeshapoteza nusu stopu. Nilijifunza kusikiliza friji kama ninavyosikiliza besi.

Na umeme ukikatika kabisa? Hapo ndipo palikuwa patamu. Magitaa yananyamaza, spika zinanyamaza, ngoma na sauti zinaendelea, na mwenye baa analeta karabai. Karabai lililojazwa upepo vizuri lina mwanga mweupe mkali kuliko ile balbu yake, halipepesi, wala halijui friji. Usiku mmoja huko Gungu liliwekwa sakafuni mbele ya waimbaji kwa sababu ndoano ya darini ilikuwa imevunjika. Mwanga ukawa unapanda kutoka chini: matundu ya pua yamewaka, macho yamekaa kwenye vivuli, na vivuli vya watu watatu vimejaa ukuta mzima hadi kwenye mabati. Nilipiga kwa 1/60 bila wasiwasi. Wenzangu wenye kamera za flashi walikuwa wametoka nje kuvuta sigara, wakisubiri umeme.

Nyumbani kulikuwa na kazi ya pili. Mzee wangu alikuwa anachanganya dawa mwenyewe kwa fomula ya D-76, ile ya Kodak ya mwaka 1927: kwa lita moja, metoli gramu 2, sodiamu sulfaiti gramu 100, haidrokwinoni gramu 5, boraksi gramu 2. Ile sulfaiti nyingi ndiyo inayolainisha chenga, kwa kulamba kingo za punje. Rodinal, dawa kongwe ya Wajerumani, haina huruma hiyo. Punje inaziacha na makali yake, na ukiwa umesukuma mkanda hadi 1600 utaziona hadi kwenye meno ya mtu. HP5 uliopigwa kama 1600 unataka dakika 14 kwenye D-76 isiyozimuliwa, kwa nyuzi 20 za joto. Tatizo ni hizo nyuzi 20. Maji ya bomba kwetu yalikuwa 26. Unaweza kufupisha muda, kwa nyuzi 24 ikawa kama dakika 10, lakini kadiri joto linavyopanda ndivyo kosa la nusu dakika linavyokuwa kubwa. Kwa hiyo asubuhi nilikuwa nashuka Kibirizi kununua barafu kwa watu wa migebuka, naiweka kwenye ndoo, chupa za dawa zinakaa ndani ya ndoo mpaka kipimajoto kitulie. Barafu ile ilikuwa inanuka samaki. Haikugusa dawa, lakini chumba cha giza kilinuka mwalo, na nguo zangu pia, na kuna watu walidhani nimeacha picha nimeingia kwenye uvuvi.

Kuchapa nilichapa usiku wa manane tu. Mashine ya kukuzia picha nayo ina balbu, na kama mji mzima uko macho, balbu hiyo inacheza. Karatasi mbili ulizozipa sekunde 12 zinatoka tofauti. Baada ya saa saba umeme unatulia. Negativu iliyosukumwa ni ngumu, yaani tofauti ya weusi na weupe wake ni kali, kwa hiyo unaitafutia karatasi laini, inayopunguza ukali huo, na unajizuia kulazimisha vivuli vionekane. Hapo nilibishana na mzee mara nyingi. Yeye alifundishwa kwamba picha nzuri ina kila kitu, kuanzia weusi hadi weupe, na katikati kumejaa. Mimi nilimwambia ukuta ule haukuonekana hata kwa macho, tuuonyeshe wa nini? Alinijibu, "Kijana, mteja hanunui giza."

Na kweli, hakununua. Kiongozi wa bendi moja nilipompelekea picha kubwa ya mwimbaji wake aliigeuza geuza, akaisogeza dirishani, kisha akaniuliza, "Bwana Picha, kwani mvua ilikuwa inanyesha humu ndani?" Alichukua zile za rangi, za flashi, za kubandika kwenye matangazo, na kwa mahitaji yake alikuwa sahihi: tangazo linataka sura na sare. Ile ya chenga aliichukua mwimbaji mwenyewe siku ya pili, akasema mke wake ameitaka. Sikumlipisha.

Nilichokuwa nakifukuzia kilihusu zaidi wale waliotutangulia. Mikoa hii ni nchi ya bendi. Tabora ilikuwa na Tabora Jazz na mtindo wao wa segere matata, ilikuwa na Kiko Kids, ilikuwa na Nyanyembe Jazz. Kigoma ilikuwa na Lake Tanganyika Jazz, alikoanzia Shem Karenga kabla hajahamia Tabora Jazz. Wazee wa Ujiji na wa Mwanga wamenionyesha picha za enzi hizo walizozitunza kwenye masanduku. Nyingi ni za mchana, bendi imejipanga mstari, kila mtu na chombo chake, sare zimepigwa pasi. Ni picha nzuri na nazipenda. Lakini unatazama unajiuliza mpiga solo alikuwa anainama vipi saa saba ya usiku, nani alikuwa anamtazama nani kabla ya kubadilisha mdundo, nani alikuwa anapiga huku amefumba macho. Hayo yametoweka. Mkanda wa Kodak Tri-X ulikuwa umeshatoka kwa kamera ndogo tangu 1954, ila kati ya kuwapo duniani na kufika kwenye mkono wa mpiga picha wa Tabora kulikuwa na bei, meli na desturi ya kazi.

Siku hizi napiga kwa kamera ya dijitali kama kila mtu. Kwa 6400 inatoa picha safi kuliko HP5 wangu wa 400, na baa zimejaa taa za rangi zinazozunguka, hata giza lenyewe limekuwa adimu. Sina kinyongo na hilo. Kodak waliuondoa P3200 mwaka 2012 wakaurudisha 2018, na HP5 bado unatengenezwa, hivyo mwenye hamu na pesa hajakosa. Kinachonichokoza ni vijana wanaoniletea picha za simu walizozitia chenga kwa programu, wakitaka niseme zinafanana na za zamani. Nyingi hazifanani, na si suala la uzee wangu. Programu walizonionyesha zinamwaga chenga sawasawa kila mahali, usoni, kwenye shati jeupe, kwenye weusi wa kona. Mkanda haufanyi hivyo. Penye weusi mtupu kwenye picha hakuna punje, kwa sababu pale negativu ni tupu. Penye weupe mkali zimesongamana mpaka huzioni. Zinachemka pale katikati, kwenye kijivu, kwenye moshi wa sigara na ukuta wa nyuma unaopata mwanga wa kuokoteza. Kijana akiniletea picha, nauangalia huo ukuta kwanza.